Kitenzi dǎ cha Kichina: kama unajua kupiga, nusu ya njia umeshatembea

Kama unajifunza Kichina, iwe ni kwa ajili ya mzigo wa Guangzhou na Yiwu, miji ya biashara huko China, au uko kwenye mradi wa barabara na mabosi Wachina, kuna kitenzi kimoja utakisikia asubuhi mpaka usiku, kinaitwa dǎ na kinaandikwa 打. Mi nimekuwa mkalimani miaka kadhaa sasa na nimeona wenzangu wengi wakikwama hapo, watu wenye akili kabisa, na sababu ni moja tu, wanakisoma kupitia Kiingereza. Sisi Waswahili hatuna haja ya kupita huko. Tuna kupiga.

Hatua ya 1: weka Kiingereza pembeni

Mwanzoni nilikuwa natumia kamusi ya Kichina kwa Kiingereza maana ndo ilikuwepo. Nikatafuta dǎ nikakuta maana zaidi ya ishirini, kupiga, kucheza, kutaipu, kuteka maji, kufuma sweta, kuchukua teksi, nikaandika zote kwenye daftari na baada ya wiki mbili sikumbuki hata nusu. Siku moja nimekaa na Mchina mmoja tuliyekuwa tunasoma chuo kimoja, yeye anahangaika na Kiingereza, ana karatasi yake kaandika kitenzi take juu kabisa na chini yake mstari mrefu wa maana. Kwa Kiingereza ni take hiyo hiyo unapopanda basi, unapokunywa dawa, unapopiga picha na unapooga, wakati kwa Kichina kila moja ina kitenzi chake: zuò chē ni kukaa kwenye gari, chī yào ni kula dawa (ndio, wao dawa wanakula), pāi zhào ni kupiga picha, xǐ zǎo ni kuoga. Nikamwambia hata sisi hivo hivo, kila kimoja kivyake. Akaniuliza sasa kwenu kupiga simu mnasemaje, nikamwambia tunapiga. Kupiga kama kupiga mtu? Eeh. Akaacha kalamu akaniangalia, akasema sisi pia.

Kuanzia siku ile nilifunga ile kamusi. Kwa hiyo chukua daftari jipya, andika juu dǎ = piga, Kiingereza kisionekane kwenye ukurasa huo kabisa.

Hatua ya 2: itamke na iandike vizuri

Dǎ ni toni ya tatu, yaani sauti inashuka chini. Wengi wetu tunaikosea kwa sababu Kiswahili hakina toni, mtu anaitupa kwa nguvu inakuwa dà, na dà ni kubwa, sasa ukisema dà diànhuà umesema simu kubwa. Njia niliyoona inawasaidia watu ni hii: usiipandishe hata kidogo, shusha sauti mpaka kifuani uiache hukohuko, alafu neno linalofuata lipe toni yake. Ila kama neno linalofuata nalo ni toni ya tatu, dǎ inapanda na kusikika dá. Dǎ gǔ, kupiga ngoma, inatamkwa dá gǔ. Dǎsǎo, kufanya usafi, inatamkwa dásǎo. Kwenye maandishi haibadiliki, ni mdomoni tu.

Herufi yenyewe ina mistari mitano. Upande wa kushoto ni mkono, huo mkono utauona kwenye mamia ya herufi za vitendo, na kulia ni dīng, ambayo asili yake ni mchoro wa msumari. Mkono na msumari. Anza kushoto: mstari wa kulala, wa kusimama wenye ndoano chini, wa kupanda kuelekea kulia, kisha uende kulia: wa kulala, wa kusimama wenye ndoano. Iandike ukurasa mzima mara moja utakuwa nayo maisha yako yote.

Hatua ya 3: anza na zile unazozijua tayari

Hapa ndo raha ilipo. Kuna misemo ya dǎ ambayo ukiitafsiri neno kwa neno inakuwa Kiswahili kabisa, hata Mzungu akikaa katikati yetu haelewi tumeelewanaje.

Dǎ diànhuà ni kupiga simu. Diàn ni umeme, huà ni maneno, kwa hiyo unapiga maneno ya umeme, na msemo huu uko kwenye HSK, ule mtihani rasmi wa Kichina kwa wageni, ngazi ya kwanza kabisa kwa hiyo ndo wa kuanza nao. Dǎ gǔ tumeshaiona. Dǎ pēntì ni kupiga chafya, dǎ hāqian ni kupiga miayo, yaani hata mwili ukifanya wenyewe bila kutaka, Mchina na Mswahili wote wanaona kuna kitu kimepigwa. Dǎ léi, radi inapiga. Dǎ zhēn, kupiga sindano, najua wengi mnasema kuchoma au kudungwa lakini kupigwa sindano nako tunasema sana. Dǎ qì, kupiga pampu, kujaza upepo kwenye tairi au mpira, na ukisema gěi tā dǎ qì inaweza pia kuwa unamtia mtu moyo, unamjaza upepo.

Kuna mbili nazipenda kuliko zote. Ya kwanza ni dǎyìn. Yìn ni muhuri, alama iliyogandamizwa, kwa hiyo dǎyìn ni kupiga chapa! Na ndo maana yake, kuprinti. Ukiingia kwenye duka la steshenari China na flashi yako mkononi unasema wǒ yào dǎyìn, nataka kuprinti, basi. Ya pili ni dǎsuàn. Suàn ni hesabu. Dǎ suàn, kupiga hesabu, na inatumika kwa maana ileile ambayo mtu wa Kariakoo anaitumia akisema napiga hesabu mwezi wa sita niende China: kupanga, kukusudia. Wǒ dǎsuàn liù yuè qù Guǎngzhōu. Sijawahi kumfundisha Mswahili dǎsuàn akaisahau.

Na dǎgōng. Gōng ni kazi, kupiga kazi. Hapa angalia kidogo kwa sababu kwetu kupiga kazi ni kufanya kazi kwa bidii, hata mwenye duka lake anapiga kazi, lakini dǎgōng ni kumfanyia kazi mtu mwingine kwa mshahara au ujira, mara nyingi kazi ya kujishikiza, kibarua, au mwanafunzi anayefanya kazi za muda. Mwenye kampuni hawezi kusema anadǎgōng. Mwaka 2020 neno dǎgōngrén, mtu wa kupiga kazi za watu, lilishika sana kwenye mitandao ya China, vijana wa maofisini wakijiita hivyo wakisalimiana asubuhi.

Usiziandike kama orodha ya msamiati. Kila moja itungie sentensi inayokuhusu wewe, siku hiyohiyo.

Hatua ya 4: jifunze gěi, usije ukatishia watu

Hii hatua usiiruke. Kwenye site moja niliyokuwa natafsiri, kulikuwa na msimamizi Mchina, mtu mzima mpole, kila mtu anamwita rafiki kama walivyo wengi wao huku. Jioni moja anamuaga kijana wa stoo, akamshika bega akasema, "Rafiki, kesho saa moja mimi nakupiga." Yule kijana alirudi nyuma hatua mbili, akanigeukia, "Kaka, nimekosa nini?" Hajakosa kitu. Mzee alitaka kumpigia simu saa moja aje kufungua geti.

Angalia kilichotokea hapo. Kwetu tofauti ya kipigo na simu iko kwenye kile kipande kidogo, nitakupiga na nitakupigia. Kichina hakina cha kubandika mwishoni mwa kitenzi, kazi ya hiyo -ia inafanywa na gěi, ambayo kwa asili ni kutoa, kumpa mtu. Nitakupigia simu ni wǒ gěi nǐ dǎ diànhuà, mimi kwako kupiga simu. Ukisema wǒ dǎ nǐ, hiyo ni nitakupiga na hakuna simu hapo. Nilipomweleza yule mzee kwamba -ia ndo gěi yao, alirudia peke yake njia nzima mpaka kwenye gari, nakupiga, nakupigia, nakupiga, nakupigia.

Kwa hiyo kanuni ya kukaa nayo kichwani: kila unapotaka kusema -pigia, mtu anakuja mbele na gěi, kitenzi kinafuata. Mpigie mama simu, gěi māma dǎ diànhuà. Yeye hajanipigia, tā méi gěi wǒ dǎ diànhuà.

Kingine hapohapo, dǎ na kitu chake vinaweza kutenganishwa na ukitaka kuhesabu mara unahesabia katikati. Nimempigia mara tatu, wǒ gěi tā dǎ le sān cì diànhuà. Na mbili za simu ambazo hazimo vitabu vingi vya mwanzo ila utazihitaji wiki ya kwanza: dǎ bu tōng, simu haiingii, na dǎ cuò le, umekosea namba. Kupigwa mtu, ile ya kipigo, ni bèi dǎ, na kupigana ni dǎjià.

Hatua ya 5: zile kupiga ambazo siyo dǎ

Sasa baada ya kuonja utamu mtu anataka kila kupiga aiite dǎ, na hapo ndo anaanza kuharibu. Kwa ufupi ni kwamba Mchina anaangalia sana mkono unafanyaje. Picha siyo dǎ ni pāi, ambayo nayo ni kupiga lakini kupiga kwa kiganja, kama unavyompiga mtu bega, kwa hiyo hujatoka mbali. Gitaa na piano ni tán, vidole vinadonoa. Filimbi na mluzi ni chuī, kupuliza. Mswaki ni shuā, kusugua. Kupiga pasi nguo ni yùn. Kupiga kura ni tóu, kutupa, kile kitendo cha kutumbukiza karatasi kwenye sanduku. Deki ni tuō, kukokota, kwa hiyo dǎsǎo itumie kwa usafi kwa ujumla siyo kwa kupiga deki peke yake.

Mpira unawachanganya zaidi watu. Watoto wetu wakisema tunapiga mpira wanamaanisha soka. Kwa Kichina mpira wa mkono ndo dǎ, dǎ lánqiú ni kikapu, dǎ pīngpāngqiú ni ule wa mezani, ila soka ni tī, kupiga teke: tī zúqiú. Ukimwambia Mchina dǎ zúqiú atakuelewa lakini atakusahihisha, nimesahihishwa na watoto wa miaka sita pale uwanjani.

Na hodi? Kugonga mlango ni qiāo mén, lakini ile hodi yenyewe, lile neno la kuomba ruhusa kwa adabu kabla hujaingilia shughuli za mtu, wao wanalo kwenye dǎrǎo. Unasimama mlangoni mwa ofisi unasema bù hǎo yìsi, dǎrǎo yíxià, samahani nakusumbua kidogo. Ukiondoka unasema dǎrǎo le. Itumie, Wachina wanaisikia adabu hiyo haraka sana na unapokelewa tofauti.

Hatua ya 6: dǎ za sokoni

Hizi hazina kupiga kwetu, itabidi ukariri, ila ndo zenye pesa yako kwa hiyo nenda polepole.

Dǎzhé ni kupunguza bei. Kuuliza ni rahisi, néng dǎzhé ma, mnapunguza? Tatizo liko kwenye jibu. Mwenye duka akisema dǎ jiǔ zhé, jiǔ ni tisa, wengi tunasikia punguzo la tisa. Nilimpeleka mama mmoja kutoka Kariakoo kwenye duka la mabegi Guangzhou, mzigo wake umefika yuan 3,000, muuzaji akaandika kwenye kikokotoo akasema dǎ jiǔ zhé. Mama alikuwa amejifunza kidogo kwenye simu, akanishika mkono kwa furaha, mwanangu wamepunguza asilimia tisini! Ikabidi nimweleze taratibu, mama, hiyo tisa ndo inayobaki, siyo inayotoka. Dǎ jiǔ zhé maana yake unalipa sehemu tisa kati ya kumi, yaani 2,700, umepunguziwa 300 tu. Alikaa kimya kidogo, alafu akavuta kiti akaanza kupatana upya, na tulitoka na dǎ bā zhé, sehemu nane, 2,400.

Kwa hiyo namba ikiwa ndogo ndo furaha iongezeke. Dǎ wǔ zhé ni nusu bei. Dǎ qī zhé begi la yuan 120 unalipa 84. Kukiwa na namba mbili, kama dǎ bāwǔ zhé, hiyo ni nane na nusu, unalipa asilimia 85. Ukiona bango dukani lina namba na herufi 折, fanya hesabu hiyo kwanza kabla hujaingia.

Dǎbāo ni kufungasha. Kwenye mgahawa chakula kikibaki unamwambia mhudumu dǎbāo anakuletea vikopo unabeba, hakuna aibu. Stoo, dǎbāo hiyohiyo ni kufunga mzigo wako kwenye marobota au maboksi, kwa hiyo ukisikia mtu wa kusafirisha anataja dǎbāo muulize kama ni pesa ya ziada au imo kwenye bei. Dǎtīng ni kuulizia, tīng ni kusikia, unatafuta habari za bei au za barabara kwa watu. Dǎchē ni kuchukua teksi, na ile apu ya Didi ilipoanza mwaka 2012 jina lake lenyewe lilikuwa na dǎchē ndani.

Alafu kuna dá ambayo wafanyabiashara wengi hawaambiwi. Ni herufi ileile 打 lakini toni ya pili, sauti inapanda, na maana yake ni dazeni! Waliichukua kutoka lugha za Ulaya kama sisi tulivyochukua dazeni yetu. Yì dá wàzi, dazeni moja ya soksi, pea kumi na mbili. Yì dá duōshao qián, dazeni bei gani? Ukiiona kwenye karatasi ya bei baada ya namba, hakuna cha kupiga hapo, hesabu kwa kumi na mbili, na hakikisha bei uliyoambiwa ni ya pea au ya dazeni kabla hujatoa hela.

Ya mwisho kwenye kundi hili ni kuteka na kupima vitu vya maji. Dǎ shuǐ ni kuteka maji, China ukiwa chuoni utabeba chupa yako ya chai kwenda dǎ shuǐ ya moto kila siku. Dǎ jiàngyóu ni kununua sosi ya soya ya kupima, zamani mtoto anatumwa dukani na chupa, muuzaji anateka kwenye pipa na kumjazia, sawasawa na tulivyotumwa sisi na chupa ya mafuta ya kupima au mafuta ya taa. Sa hivi sosi inauzwa kwenye chupa zilizofungwa, lakini msemo umepata maisha mapya mwaka 2008, mtu mmoja alisimamishwa mtaani na TV huko Guangzhou aulizwe habari za mastaa, akajibu hayo yananihusu nini, mi nimetoka kudǎ jiàngyóu. China nzima ikalidaka. Tangu hapo mtu akisema wǒ shì lái dǎ jiàngyóu de anamaanisha mi napita tu, haya mambo hayanihusu.

Hatua ya 7: zungumza kila siku, pande zote mbili

Tafuta Mchina anayejifunza Kiswahili, wapo wengi kuliko tunavyofikiri, na redio ya China inatangaza kwa Kiswahili tangu 1961 kwa hiyo siyo jambo jipya kwao. Mpe kupiga akupe dǎ. Kila siku mnabadilishana tano, wewe unamwambia kupiga pasi, kupiga hodi, kupiga soga, kupiga magoti, kupiga mbizi, yeye anakwambia hiyo kwao ni dǎ au siyo, na kama siyo mkono unafanyaje. Tumieni ujumbe wa sauti wa WeChat, apu ya kuchati ya Wachina, ili toni isikike, usitume maandishi matupu, na ukikosea mwombe arudie mara tatu polepole wewe ukifuatisha.

Jaribu la mwisho ni simu ya kweli. Usiku kabla hujalala andika sentensi tatu tu: wǒ dǎsuàn na mpango wako wa kesho, wǒ gěi nǐ dǎ diànhuà na saa, na moja ya sokoni. Asubuhi unampigia unazisema bila kusoma. Yule mzee wa site tulifanya hivyo karibu miezi mitatu, na siku ya mwisho anarudi kwao likizo alimpigia yule kijana wa stoo mwenyewe, bila mkalimani, mi nimekaa pembeni nasikia: "Rafiki, mimi nimefika uwanja wa ndege. Jana nilikupigia, simu haiingii."

Kijana akamjibu kwa Kichina, akimwita bosi, "Dǎ bu tōng a, lǎobǎn?"